Neno Moja, Milango Miwili

Jumamosi, 8 Januari 2011

Naanza kuandika kwa sababu katika nyumba hii kila kitu kikiharibika watu wanauliza kiliharibika lini, na nikiwapa tarehe wanabisha. Sasa tarehe zitakuwa zimeandikwa.

Leo Prodige, kijana fundi wa kwetu, amekuja dukani kutengeneza kompyuta. Tangu Krismasi ilikuwa imelala kwa virusi. Wateja wananiletea simu niwawekee nyimbo, na kila simu inakuja na ugonjwa wake. Prodige akasema anaondoa Windows yote, anaweka Linux, ambayo haishikwi na virusi. "Na ni ya bure, Yaya," akaniambia; kwetu Yaya ni dada mkubwa. Nina miaka tisa hapa Isipingo, Durban, nilianza na meza moja kando ya kituo cha taksi, na neno bure huwa linanipa baridi. Lakini nikamwacha aweke. Mashine ikauliza lugha, akachagua Kifaransa, maana sisi sote tulisoma kwa Kifaransa. Kisha akanisukumia kibodi nijiandikie jina na neno la siri. Nikaandika henriette, likatoka henriette. Nikaandika neno la siri, vikatoka vidoti sita, herufi sita. Sawasawa. Akanywa chai, akaaga. Wiki ijayo anahamia Cape Town.

Skrini ni fupi, inanilazimisha kuinamisha shingo, kwa hiyo nimeikalisha juu ya mkebe wa maziwa ya unga, ule mkubwa, uliozungushiwa utepe wa gundi kila upande. Uko dukani tangu Desemba. Séverin anasema mtu aliuacha. Mtu gani? Mtu. Mume wangu hata polisi angewajibu hivyo.

Jumatatu, 10 Januari

Nikibonyeza A, mashine inaandika Q. Risiti ya Mama Bernadette, ambaye huchukua vocha za jumla, imetoka "?q,q Bernqdette". Ameicheka mbele ya wateja. Nimeimalizia kwa kalamu.

Jumanne, 11 Januari

Siku mbaya.

Harusi ya Inès, binti wa kwetu, niliipiga video tarehe 18 Desemba, kanisani Cato Manor. Kwa sababu ya virusi nilikuwa sijaitoa kwenye kadi ya kamera. Leo nikaanza kuihamisha kwenye kompyuta. Mita ya umeme ilikuwa na yuniti mbili nukta nne asubuhi, nikamwambia Séverin nenda ukanunue, akasema anaenda. Saa tisa mstari wa kuhamisha umefika katikati, duka zima likawa giza. Mita: sifuri.

Séverin akarudi amelowa mpaka soksi. Eti pale wanapouza umeme mtandao ulikuwa umekufa, alisimama kwenye foleni saa nzima. Sikumsikiliza.

Tulipowasha, kadi ilikuwa tupu. Kwenye kompyuta kuna folda yenye jina "Mariage Inès" na ndani yake hamna kitu. Huku hamna, kule hamna. Mzigo umetoka ghala moja haukufika ghala la pili, na njia kati yao ina urefu wa kidole.

Jumatano, 12 Januari

Nimeenda mjini kwenye duka la kamera. Kijana wa pale akaitazama kadi, akaniambia niifomati nianze upya. Kufomati najua. Nilimuuliza jinsi ya kurudi nyuma, si jinsi ya kuanza upya.

Ijumaa, 14 Januari

Mzee Salvator amefariki Uvira, kwetu Kongo. Ndiye baba yake Inès. Ndiye aliyepanda mabasi kutoka Uvira, akapita Tanzania, Zambia, Zimbabwe, mpaka hapa kumpa binti yake baraka, akarudi njia ileile, akafika kwake, akaugua siku chache, basi.

Na mimi kadi yake iko mfukoni mwangu.

Jumapili, 16 Januari

Tumekwenda matangani, kwa Inès, Cato Manor. Mvua, matope mpaka mlangoni. Wanaume wamekaa chini ya hema la buluu, wanawake ndani. Nilifikiri nitatoa pole nikae pembeni. Inès akaniona, akanivuta chumbani.

Anasema hivi. Siku ya harusi, baba alipomaliza baraka za mbele ya watu, ambazo kila mtu alizisikia, alimwinamia sikioni akasema naye maneno mengine, marefu kidogo. Yeye alikuwa analia, tarumbeta za kwaya zilikuwa nyuma yake, hakusikia hata moja. Baba akamuuliza umesikia? Akaitikia kwa kichwa.

"Mama Glody, nilisema ndiyo. Sijui nilikubali nini. Nikajiambia nitasikia kwenye video." Akanishika mkono. "Iko tayari?"

Nikamwambia kompyuta ilikuwa kwa fundi. Si uongo. Ilikuwa.

Jumatatu, 17 Januari

Mvua. Wateja wanne, wawili kati yao wamejikinga tu.

Jumamosi, 22 Januari

Deborah amekuja kutoka Glenwood, anakopanga chumba karibu na chuo. Ni binti wa rafiki yangu wa kanisani, anasoma mambo ya hesabu za kampuni, lakini maabara yao ina mashine za Linux na anazijua. Akasikiliza yote bila kunikatiza, kitu ambacho nyumbani kwangu sijakizoea. Akasema kilichofutwa kwenye kadi mara nyingi hakijaondoka. Kilichoondoka ni kibao cha mlangoni chenye jina la mwenye nyumba, na yeye bado yumo ndani. Iko programu ya kuwapigia hodi. Lakini nisiandike chochote kwenye kadi hiyo, hata picha moja.

Akaiweka hiyo programu kwa modemu yake ya intaneti. Mashine ilimuuliza neno langu la siri, nikamtajia, akaandika, ikakubali. Nimeona kwa macho yangu. Naliandika hili kwa makusudi.

Nikamwambia pia habari ya A na Q. Akacheka, akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza mara tatu, A ikawa A na M ikawa M. Wiki mbili nimeteseka kwa jambo la mibonyezo mitatu.

Mawingu yakawa meusi, akataka kuwahi taksi. Akasema kazi yenyewe inachukua saa nyingi, nianze mwenyewe jioni: fungua dirisha jeusi, andika sudo photorec, itauliza neno la siri, liandike, bonyeza Enter. "Ni hilo tu, Tantine," akasema, maana ananiita shangazi kwa Kifaransa. Kisha akaongeza: chochote mashine itakachosema, kiandike. Ndiyo nakiandika.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Kwanza nimeitafuta programu kwenye menyu zote, haimo. Imewekwa lakini haina picha ya kubonyeza. Ni kama kuajiri mtu asiye na sura.

Nimefungua dirisha jeusi. Nimeandika Sudo photorec. Ikasema haijui amri hiyo. Nimeandika SUDO PHOTOREC, labda haisikii vizuri. Haijui. Nikampigia Deborah, akasema herufi ndogo zote. Nikaandika ndogo zote. Ikauliza neno la siri. Nikaandika, hakuna kilichotokea. Hata kidoti. Nikagonga kibodi, nikaichomoa, nikaichomeka. Deborah akasema ndivyo ilivyo, haionyeshi, endelea kwa imani.

Nikaandika kwa imani. Ikajibu kwa Kifaransa samahani, jaribu tena: Désolé, essayez de nouveau. Mara tatu, kisha ikanifukuza.

Jumapili, 23 Januari

Désolé, essayez de nouveau.

Jumatatu, 24 Januari

Nimefikiri labda imechoka. Nimeizima, nimeiwasha. Pale mwanzoni, kwenye skrini ya kuingilia, ikauliza neno la siri. Nikaandika. Ikafunguka mara moja, kwa adabu zote. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika neno lilelile, kwa vidole vilevile. Désolé.

Nikatoka, nikaingia tena. Mlango umefunguka. Stoo imekataa.

Nina funguo za duka hili miaka mingi. Sijaona ufunguo unaofungua mlango wa mbele ukakataa mlango wa stoo wenye kufuli ileile.

Alhamisi, 27 Januari

Deborah ananitumia ujumbe: "Tantine andika polepole." Nimeandika polepole. "Angalia Caps Lock." Nimeangalia, taa yake imezimika. "Una uhakika na neno?" Nilimtajia mwenyewe, akaliandika mwenyewe, likakubaliwa. Sasa ananiuliza kama namjua mwanangu jina.

Jumamosi, 29 Januari

Amekuja. Kwa siri nilifurahi mashine ilipomkataa Deborah na yeye. Akaandika mara tatu, Désolé mara tatu. Akaandika tena akiwa ameinamia kibodi, herufi kwa herufi. Kisha akauliza, na sauti yake haikunipendeza, "Nani amebadilisha neno la siri?"

Nikamwambia hakuna, na kama limebadilishwa mbona mlango unafunguka nalo? Akajaribu mlango. Ukafunguka. Akajaribu stoo. Ikakataa. Akasema "eish" na kukuna kichwa, na hapo nikaogopa, maana mtu wa chuo akikuna kichwa, mimi wa darasa la sita nifanye nini?

Ushauri wake: kufuta yote na kuiweka Linux upya. Nikakataa. Ndani mna kazi za watu ambazo nimezirudisha moja moja. Na siwezi kutafuta kitu kilichofutwa kwa kufuta vingine. Akasema Prodige ndiye aliyeiharibu tangu mwanzo. Nilikubaliana naye upesi sana.

Jumatatu, 31 Januari

Nimempata Prodige, Cape Town, kelele za barabara nyuma yake. Anaapa hakuna maneno mawili, ni moja, mlango na stoo ni kufuli moja. "Yaya, uliza huyo binti wa chuo amegusa nini." Nimemwambia amegusa A na Q tu. "Basi iko kitu ingine," akasema, simu ikakatika.

Kila mmoja ananiambia kosa ni la mwenzake. Mmoja yuko Cape Town, mwingine Glenwood. Mashine iko kwangu.

Jumatano, 2 Februari

Joto. Duka lina harufu ya samaki kwa mbali. Nimemwambia mwenye nyumba mifereji imeziba. Amesema atatuma mtu. Na yeye pia, mtu.

Ijumaa, 4 Februari

Leo nimegombana na Séverin. Niliwaza usiku kucha: Prodige hajagusa, Deborah hajagusa, mimi sijagusa. Wanne tukitoa watatu anabaki mmoja. Nikamuuliza kama amechezea mashine. Akasema yeye hata kuiwasha hajui. Nikasema ndivyo wasemavyo wote. Akaweka chini katoni ya chaja, akanitazama.

"Mama Glody, mi nakuambiaka vitu, weye uko unahesabu. Nasema, unainua mkono ninyamaze. Halafu kitu kikipotea, ni Séverin."

Nikamuuliza ni kitu gani alichoniambia nikainua mkono. Akasema hata yeye ameshasahau, ni vingi.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Jibu ndilo silielewi.

Jumamosi, 5 Februari

Désolé.

Jumamosi, 12 Februari

Inès amekuja dukani mwenyewe, amevaa nguo nyeusi, amekonda mpaka pete inamzunguka. Familia imepanga kuondoa matanga Jumamosi tarehe 26. Watakuja watu kutoka Pietermaritzburg, na kaka zake wawili wameshakodi skrini kubwa ya kuonyeshea video. Akauliza aje kuichukua siku gani.

Nilikuwa nimejiandaa kusema wiki ijayo. Badala yake nikamvutia kiti nyuma ya kaunta nikamweleza yote: kadi, giza, kibao cha mlangoni, mwenye nyumba aliye ndani, stoo inayokataa. Nilimwambia pia kitu ambacho Séverin sijamwambia. Mashine iliniuliza kama nataka kunakili au kukata, nikachagua kukata, ili kadi iwe wazi kwa kazi ya kesho yake. Ningenakili, umeme ungekatika na kadi ingebaki salama. Giza lilikuwa la mita. Mkasi ulikuwa wangu.

Hakulia. Aliegemea meza, akaweka kiwiko karibu na skrini, akawa anabandua kwa ukucha gundi ya mkebe bila kujua anafanya nini.

"Kila usiku nafikiri nilikubali kitu," akasema. "Labda alisema nirudi Uvira nimzike karibu na mama. Labda alisema niwachunge wadogo. Nikasema ndiyo, akaenda amefurahi, Mama Glody. Mtu amekufa anajua nimeahidi."

Nikamwambia bado wiki mbili. Akaitikia kwa kichwa, vilevile, bila kusikia.

Jumatatu, 14 Februari

Wanauza maua mekundu kwenye robot, zile taa za barabarani. Séverin ameniletea moja. Sikujua niseme nini, nikamuuliza amelinunua bei gani.

Ijumaa, 18 Februari

Radi. Umeme umezimika mara mbili, na mita ina yuniti thelathini na sita. Safari hii si sisi.

Jumamosi, 19 Februari

Naandika haraka, mtu akiona mwandiko atafikiri nimekunywa.

Asubuhi umeme umerudi, mashine ikawaka, ikaleta skrini ya kuingilia. Pale huwa kuna jina langu, na chini yake neno Autre, yaani mtu mwingine. Kwa hasira, na kwa kuwa mteja alikuwa ananiuliza chaja huku nabonyeza, nikabonyeza Autre badala ya jina langu. Kikafunguka kisanduku, nikaandika neno la siri bila kutazama. Nilipoinua macho, neno lilikuwa linaonekana waziwazi. Nilikuwa nimeliandika kwenye kisanduku cha jina, na jina halifichwi vidoti.

Neno langu la siri ni salama. Nalitaja hapa kwa sababu nimeshalibadilisha. Kwenye skrini palikuwa na: sqlq,q

Mteja akasema mama, chaja. Nikamwambia chukua, utalipa kesho. Sijawahi kusema hivyo katika biashara hii.

Nikakaa. q mahali pa a. Alama ya mkato mahali pa m. Ni ile risiti ya Mama Bernadette! Na chini kabisa ya skrini, kwa maandishi madogo, France. Siku zote nililiona nikidhani ni lugha. Si lugha. Ni kibodi.

Sasa nieleze polepole, nisije nikasahau. Prodige alipochagua Kifaransa, mashine ikaamini kibodi nayo ni ya Kifaransa, kama zile tulizojifunzia Bukavu, ambapo A imekaa mahali pa Q ya huku. Lakini kibodi yangu nimeinunua Durban. Siku ile nilitazama vibonye nikaandika salama, yeye akapokea sqlq,q, na vidoti vikaficha. Jina langu halina a wala m, likatoka salama, nisishtuke. Tangu hapo neno la siri halikuwahi kuwa salama. Deborah alipoweka programu kibodi bado ilikuwa ya Kifaransa, mashine ikamkubali. Kisha akanirekebishia A yangu, mibonyezo mitatu, lakini alirekebisha ndani tu. Mlangoni pamebaki Ufaransa. Kwa hiyo mlangoni nikigonga salama wanasikia sqlq,q, wanafungua. Ndani nikigonga salama wanasikia salama, na hakuna mtu wa jina hilo.

Prodige alisema kweli. Deborah alisema kweli. Séverin alisema kweli. Wote wameniambia kweli wiki sita na mimi nimewakasirikia mmoja mmoja kwa zamu.

Nikaingia. Nikafungua dirisha jeusi. sudo photorec. Ikauliza. Nikabonyeza s, q, l, q, alama ya mkato, q, kama mtu aliyepagawa. Enter.

Haikusema Désolé. Ikaniletea orodha ya hifadhi zilizopo, kwa Kiingereza. Sielewi hata nusu ya maneno yake, lakini namba nazielewa: moja gigabaiti themanini, ni tumbo la kompyuta. Nyingine nane. Ni kadi. Nikachagua nane, nikaielekeza iweke vitu kwenye kompyuta na si kwenye kadi, kama Deborah alivyosema.

Nimemtumia Deborah ujumbe mrefu. Amejibu: "Tantine, basi ni mimi. Kesho nakuja kukuomba msamaha na kula." Nimemwambia aje kula.

Kabla ya kufunga duka nilimwita Séverin nikamweleza na yeye, pamoja na habari ya kunakili na kukata. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo soksi zangu zililowa bure?" Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumapili, 20 Februari

Mashine imefanya kazi usiku kucha. Imefufua faili elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Hazina majina, zina f na tarakimu. Hakuna njia, ni kuzifungua moja moja.

Sikujua kadi inakumbuka hivi. Nimeitumia miaka mitatu, nikiifuta kila mwezi. Humo mna picha za pasipoti za watu walioshahamia Cape Town, walioshapelekwa Kanada, mtoto wa Epiphanie akiwa hana meno. Yumo Glody na sare ya shule aliyoikataa kwa kuwa kubwa. Sasa yuko bweni na inambana. Deborah alikuwa anabonyeza, mimi nasema nani ni nani, Séverin anasema walikuwa wanadaiwa nini. Harusi hatujaifikia.

Jumatatu, 21 Februari

Imepatikana. f0847360. Dakika arobaini na moja.

Picha imevunjika vipande, nyuso zimekuwa miraba ya kijani na ya waridi, mahali pengine bwana harusi hana kichwa. Sauti ni nzima. Nimefunga mlango wa duka nikavaa spika za masikio. Sikuwa na haki ya kusikia kabla ya Inès, najua, lakini sikutaka kumpelekea mkebe mtupu akaufungua mbele ya watu.

Mzee Salvator anamaliza baraka, watu wanapiga makofi, tarumbeta. Anashusha mkono wenye maikrofoni mpaka kifuani na kuinama. Amesahau kuizima. Kwenye spika za kanisani tarumbeta zilimeza maneno yake, lakini mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na kamera yangu.

Naandika kama alivyosema:

"Inès, usilie hivi, watu watasema tumekuuza. Sikia. Nilikuletea ndagala. Nilizianika mwenyewe, juu ya mabati, zingine paka alichukua. Ziko kwenye mkebe, kwa ule mama wa picha kule Isipingo, nilimwachia bwana yake siku nilienda kupiga picha. Usiambie kaka zako, watakumalizia. Za juu mpikie bwana, ajue kwetu tunakula nini. Za chini ni kubwa, hizo kula weye. Tangu jana haujakula. Umesikia?"

Na kichwa cha Inès, chote miraba ya kijani, kinaitikia.

Nilivua spika. Nikaitazama skrini. Nikautazama mkebe chini yake.

Nikamwita Séverin, nikamuuliza mkebe huu aliuacha nani. Akasema mzee mmoja, mrefu, alikuja kupigwa picha siku mbili kabla ya harusi ile, akasema atakuja binti kuuchukua. "Nilikuambia. Ulikuwa unahesabu vocha." Sikumbuki, lakini mkono wangu naujua.

Jumanne, 22 Februari

Sikungoja Jumamosi. Nimepanda taksi mpaka Cato Manor na kompyuta nzima kwenye kapu la nguo, mkebe juu ya magoti. Kaka zake walikuwa sebuleni, nikasema nina mambo ya wanawake, tukajifungia chumbani. Nikamvalisha spika, nikabonyeza, nikageukia dirisha. Mvua ilikuwa imekatika.

Nikahesabu matone yanayodondoka kutoka kwenye mabati. Kisha nikasikia kitu nisichokitarajia, anacheka. Kicheko na kilio vimepanda gari moja. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akarudisha. Mara ya nne akavua spika, akautazama mkebe, akaona mahali ambapo kucha zake mwenyewe zilibandua gundi.

"Ni huu?"

Nikamwambia ni huo. Nikamwambia nimeukalisha chini ya skrini wiki sita, nikaanza kuomba msamaha. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameshaanza kung'oa gundi kwa meno. Zilikuwa ndagala kweli, dagaa wa ziwa la kwetu, kavu, za rangi ya fedha, nzima. Akachimba kwa mkono mpaka chini kabisa, akatoa moja kubwa, akaila hivyohivyo bila kupika, amesimama, machozi yanafika kidevuni. Akala nyingine.

"Usiwaambie," akasema, akionyesha mlango kwa kidevu.

Jumamosi, 26 Februari

Matanga yameondolewa. Skrini kubwa ilionyesha baraka za mbele ya watu, na watu wakazistahimili rangi za kijani. Inès aliniomba nikate pale mzee anapoinama. Nimekata, lakini safari hii nilinakili kwanza, mara tatu. Jikoni kulikuwa na sahani ya ndagala kwa mchuzi wa nyanya, mbele ya bwana harusi. Kaka zake wakauliza zimetoka wapi. Inès akasema zimetoka kwa mtu.

Jumatano, 2 Machi

Inès amerudisha mkebe, umeoshwa. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo ndani ameweka viganja viwili vya ndagala. Za chini. Séverin amezikaanga kwenye jiko la umeme nyuma ya kaunta, duka zima likanuka, na mtu wa mwenye nyumba akafika leo hii hii kuangalia mifereji. Tukamkaribisha, akala.

Skrini nimeirudisha juu ya mkebe. Wiki nzima shingo ilikuwa inaniuma.